Boti ya matanga Ugiriki, mwenyewe uko Uingereza: mwongozo kamili wa usajili, forodha na bima

Waswahili wa Uingereza wenye boti za matanga si wengi, ila wapo, na swali lao huwa lilelile: boti nimeiona Lefkada au Preveza, bei inaingilika, mwenyewe naishi Southampton au Leicester, sasa makaratasi naanzia wapi? Mwongozo huu unamjibu mtu huyo. Tuchukulie unaishi Uingereza kihalali, pasipoti yako ni ya Tanzania, ya Kenya au ya Uingereza yenyewe, unanunua boti iliyotumika ya mita 10 hivi, na unataka iwe Ugiriki mwaka mzima, wewe uwe unaiendea likizo. Aliyeko Ujerumani, Poland au Marekani atafuata mpangilio unaokaribiana na huu. Ofisi na baadhi ya masharti vitabadilika, nami nitavigusa kidogo.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Ofisi ya usajili, forodha ya Ugiriki na kampuni ya bima zote zitakuuliza maswali yanayokaribiana: chombo ni cha nani, mwenyewe anaishi wapi, chombo kinalala wapi. Kila moja ina fomu yake na siku unapojaza hakuna anayekulinganishia majibu. Yatalinganishwa siku umeomba fidia, na atakayeyalinganisha ni mtu anayelipwa kutafuta tofauti. Kwa hiyo kazi yako kubwa katika hatua zote zifuatazo ni kuhakikisha unasema kitu kimoja kila mahali.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na makaratasi ya muuzaji, matanga na mlingoti utavitazama baadaye. Dai cheti cha usajili ambacho hakijaisha muda, hati za mauziano kuanzia mmiliki wa kwanza hadi yeye, na uthibitisho kwamba VAT ilishalipwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Boti ikiwa imeundwa baada ya katikati ya 1998, dai pia tamko la mtengenezaji kuhusu viwango vya Ulaya. Tangu 16 Juni 1998 boti ya starehe inayoingizwa sokoni huko sharti iwe na alama ya CE. Boti kongwe zilizokuwa tayari zinatumika Ulaya kabla ya tarehe hiyo hazidaiwi alama, ila utatakiwa uonyeshe kwamba kweli zilikuwapo.

Kisha zunguka nyuma, kwenye tezi, upande wa kulia. Karibu na ukingo wa juu utakuta nambari ya bodi, yaani ile nambari ambayo kwa gari ni ya chesisi. Ni herufi na tarakimu 14: mbili za mwanzo ni za nchi, tatu zinazofuata ni za mtengenezaji, halafu nambari ya mfululizo, na mwishoni mwezi na mwaka wa kuundwa pamoja na mwaka wa modeli. Ipige picha kwa karibu, tochi ikimulika kutoka ubavuni ili rangi iliyopakwa juu isifiche mchongo. Sasa ilinganishe na kila karatasi, herufi kwa herufi. Makosa ya kawaida ni sifuri kuandikwa O na 1 kuandikwa I. Kosa likipenya kwenye hati ya mauziano litapita kwenye cheti cha usajili, litatua kwenye mkataba wa bima, na siku boti ikiibwa polisi wa bandari watakuwa wanatafuta chombo ambacho hakipo duniani.

Uliza madeni. Deni la chombo linaweza kukifuata chombo hata kikibadilisha mwenyewe: mishahara ya mabaharia, malipo ya uokoaji, rehani ya benki. Yadi nayo haitakuachia boti ambayo muuzaji hajailipia maegesho. Chukua barua ya yadi au marina inayosema hadi tarehe fulani hakuna kinachodaiwa. Kama boti imo kwenye daftari kuu la Uingereza (Sehemu ya Kwanza, nitaieleza hapa chini), omba nakala ya ukurasa wake, kwa kuwa rehani huandikwa humo.

Mkaguzi ni lazima, na boti iwe imepandishwa nchi kavu. Usimwite kabla hujazungumza na kampuni ya bima unayoifikiria. Waulize wanakubali ripoti ya nani na inayohusu nini, la sivyo utalipia ukaguzi mara mbili. Wanachama wa vyama vya wakaguzi wa boti kama IIMS na YDSA hukubalika kwa wengi. Ripoti ya maana hutazama unyevu ndani ya fibaglasi, boliti zinazoshika mkuku, mchezo wa usukani, vali zote zinazopitisha maji kwenye bodi, nyaya zinazoshikilia mlingoti na mfumo wa gesi ya kupikia. Mkaguzi wa muuzaji si mkaguzi wako, hata akiwa mtu mwema.

Hati ya mauziano iwe na majina kamili ya pande zote mbili kama yalivyo kwenye pasipoti, anwani, nambari ya bodi, nambari ya injini, bei, tarehe, na kauli ya muuzaji kwamba chombo hakina deni wala rehani. Kama wamiliki ni mke na mume, wote wawili watie sahihi. Akisaini mtu kwa niaba ya muuzaji, taka hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na yenye muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa serikali unaotambuliwa nchi nyingine. Na muuzaji aifute boti kwenye daftari lake la zamani, akupe cheti cha kufutwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 hauruhusu bendera mbili: chombo kinachobadilisha bendera kadiri kinavyoona faida kinaweza kuhesabiwa hakina utaifa wowote.

Usajili: daftari dogo au daftari kuu

Boti nyingi za starehe zisizotoka maji ya Uingereza hukaa bila usajili wa bahari na hakuna anayeuliza. Ukivuka kwenda nchi nyingine mambo hubadilika, kwa sababu karatasi ya kwanza kuombwa na askari wa bandari ya Ugiriki ni cheti cha usajili. Daftari la Uingereza lina sehemu kadhaa, na zinazokuhusu ni mbili.

Sehemu ya Tatu ndiyo daftari la vyombo vidogo, maarufu kwa jina la SSR. Ni la boti zisizofika mita 24, zinazomilikiwa na watu binafsi wanaoishi Uingereza angalau siku 185 kwa mwaka. Maombi hufanywa mtandaoni, ada imekuwa pauni 35 na cheti hudumu miaka 5. Mkaguzi wa kupima tani hahitajiki. Habari njema kwa msomaji wetu ni kwamba daftari hili halikufungiwa raia wa Uingereza peke yao. Kanuni za usajili za 1993 ziliwataja pia raia wa Jumuiya ya Madola wakaao nchini, na humo wamo Watanzania, Wakenya, Waganda na, tangu 2009, Wanyarwanda. Mrundi au Mkongomani asiye na uraia mwingine aisome kwa makini orodha ya uraia kwenye fomu kabla ya kulipa.

Ukipata cheti, herufi SSR na nambari yako zibandikwe nje ya boti mahali panapoonekana, zisipungue urefu wa milimita 30. Cheti hufa siku unapouza boti, na hufa pia ukihama Uingereza. Hili la kuhama husahaulika mno. Mtu anarudi Dar es Salaam baada ya kustaafu, boti imebaki Preveza na cheti cha SSR kinaonyesha bado kina miaka mitatu. Kwa macho cheti ni kizima, kwa sheria kimekwisha.

Udhaifu wa SSR ni kwamba haithibitishi umiliki. Inaonyesha utaifa wa chombo na jina la aliyejiandikisha, basi. Anayetaka hati yenye nguvu zaidi huingia Sehemu ya Kwanza, ambayo ndiyo daftari kuu. Huko utawasilisha hati za umiliki za nyuma, boti itapimwa tani na mkaguzi aliyeidhinishwa, jina lake halitafanana na la chombo kingine kwenye sehemu hiyo, nambari rasmi itachongwa au kupigwa ndani ya boti, na jina pamoja na bandari ya usajili vitaandikwa tezini. Gharama ni mara kadhaa ya SSR ukijumlisha malipo ya mkaguzi.

Inafaa lini? Ukinunua kwa mkopo wenye rehani huna hiari. Mkinunua marafiki watatu pia ningeshauri hivyo, maana kwenye Sehemu ya Kwanza chombo hugawanywa hisa 64 na kila mmoja huandikiwa zake. Nimeona urafiki wa miaka ukiharibika kwa sababu boti ya ushirika iliandikwa jina la mmoja “kwa urahisi tu”. Kwa boti ndogo ya mtu mmoja, iliyolipiwa taslimu, SSR pamoja na hati safi za mauziano zinatosha.

Kwa walio kwingine: Ujerumani, boti isiyozidi mita 15 hupewa cheti cha bendera na ofisi ya BSH, na inayozidi hapo sharti iingie daftari la meli. Poland imeunganisha usajili wa boti kwenye daftari la REJA24 tangu 2020. Marekani, daftari la shirikisho liko chini ya walinzi wa pwani na ni la raia wa Marekani wenye chombo cha tani 5 au zaidi. Kuna wakala wengi wanaouza bendera za haraka kwa intaneti. Kabla ya kumlipa yeyote, iulize kampuni yako ya bima kwa maandishi kama inaikubali bendera hiyo.

Forodha: boti ina hadhi gani Ulaya?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tangu Uingereza itoke kwenye mfumo wa forodha wa Ulaya mwishoni mwa 2020, kuna hali mbili zisizofanana, na ni lazima ujue yako ni ipi.

Hali ya kwanza: boti tayari ni bidhaa ya Ulaya, VAT ililipwa huko, nawe umeinunua ikiwa Ugiriki kutoka kwa mtu binafsi. Haipotezi hadhi hiyo kwa sababu tu mmiliki mpya anaishi Leicester na tezini inapepea bendera nyekundu ya Uingereza. Lakini bendera ile itamfanya ofisa aulize, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Ankara ya kwanza yenye VAT, au hati ya forodha iitwayo T2L, ikae ndani ya boti kama nakala na nyumbani kama asili. Ukitoka nayo kwenda Uturuki, hadhi hukatika. Utairudishia kwa msamaha wa bidhaa zinazorejea, ambao kwa kawaida hutaka irudi ndani ya miaka 3, irudishwe na yuleyule aliyeitoa, na iwe katika hali ileile. Na siku ukiamua kuipeleka Uingereza kwa mara ya kwanza, forodha ya huko nayo inaweza kukudai VAT ya asilimia 20.

Hali ya pili: boti imetoka Uingereza, haina hadhi ya Ulaya. Hiyo inaingia kwa uingizaji wa muda. Inaruhusiwa kukaa hadi miezi 18 bila ushuru wala VAT, kwa masharti kwamba imesajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya kwa jina la mtu anayeishi nje, inatumiwa na mtu anayeishi nje, na ni kwa matumizi binafsi. Kukodisha ni marufuku. Binamu yako anayeishi Athens asiichukue mwishoni mwa wiki wewe ukiwa kazini Uingereza, kwa sababu yeye ni mkaazi wa Ulaya na safari yake moja inaweza kuamsha deni la VAT ya Ugiriki, ambayo ni asilimia 24 ya thamani.

Unapoingia kwa utaratibu huu utaripoti kwenye bandari ya kuingilia, na forodha itakufungulia daftari liitwalo Transit Log. Miezi 18 ikikaribia, boti itoke nje ya eneo la forodha la Ulaya kisha irudi. Kutoka Corfu, Sarandë ya Albania iko ng’ambo tu. Kutoka Kos, Bodrum inaonekana kwa macho. Tunza risiti ya marina ya huko, karatasi za kuingia na kutoka zenye mihuri, hata stakabadhi ya dizeli. Kauli ya mdomo kwamba “tulienda Albania Agosti” haina thamani mezani kwa ofisa.

Juu ya hayo Ugiriki ina kodi ya boti inayozidi mita 7, iitwayo TEPAI, iliyoanza kutozwa Mei 2019. Huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, unapewa nambari ya malipo, unalipa benki. Kiasi hutegemea urefu wa boti. Lipa kabla haijashushwa majini, na uiulize yadi taratibu za kipindi chombo kinapokuwa nchi kavu.

Siku zako hazihesabiwi na siku za boti

Boti ina miezi 18. Wewe una siku 90 katika kila siku 180 ndani ya eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen hata akiwa na ukaazi wa kudumu wa Uingereza, na maombi ya viza hiyo hudai bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Bima ya boti haihesabiki hapo, hata kama ina kipengele cha majeraha ya waliomo. Omba viza ya kuingia mara nyingi, kwa sababu safari moja ya Bodrum na kurudi tayari ni maingilio mawili. Tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa kielektroniki umeanza kurekodi kuingia na kutoka kwa wageni, hivyo hesabu ya siku haitegemei tena ofisa kugeuza kurasa za pasipoti.

Redio na vyeti vya nahodha

Hii ni hatua fupi. Leseni ya redio ya chombo hutolewa bure mtandaoni na Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, nayo hukupa nambari ya MMSI, yaani utambulisho wa chombo redioni, ya kuingizwa kwenye redio ya VHF. Kama boti ilikuwa na bendera nyingine, nambari ya zamani lazima ifutwe, la sivyo ukibonyeza kitufe cha dharura waokoaji watasoma jina la boti isiyo yako. Kifaa cha EPIRB, kinachotuma ishara ya dharura kwa satelaiti, nacho kisajiliwe upya kwa jina lako, bure. Anayetumia redio awe na cheti chake binafsi. Cheti cha kimataifa cha unahodha, ICC, hutolewa na RYA, chama cha wenye boti cha Uingereza, kwa raia na wakaazi wa Uingereza. Kipate hata kama hakuna aliyekulazimisha, kwa sababu kampuni za bima huuliza uzoefu wako na cheti hujibu haraka kuliko hadithi.

Bima

Bima ndogo, ya kuwafidia wengine, ndiyo kiwango cha chini ambacho Ugiriki na nchi jirani hukubali. Ugiriki hutaka cheti chake kiwe na tafsiri ya Kigiriki, na Italia hutaka ya Kiitaliano. Kampuni zilizozoea kazi hii hukupa karatasi hiyo bila malipo ya ziada. Ikiwa kampuni inashangaa unaomba nini, tafuta nyingine. Mikataba mingi ya Uingereza hutoa kinga ya milioni kadhaa za pauni kwa madai ya wengine, na marina haitakupa nafasi bila kuiona.

Kipengele cha kukisoma kwa kidole ndani ya bima ndogo ni kuondoa mabaki ya chombo kilichozama. Mkataba wa kimataifa kuhusu jambo hilo unabeba jina la Nairobi, ulikopitishwa Mei 2007, nao ulianza kufanya kazi Aprili 2015. Ulazima wake wa bima unahusu meli za tani 300 na kuendelea, kwa hiyo boti yako haimo. Lakini boti ikizama mdomoni mwa bandari, mamlaka itakuamuru uitoe kwa gharama yako, na kreni na wapiga mbizi wanaweza kugharimu kuliko boti yenyewe. Hakikisha kipengele kimo, na kwamba hakikuwekewa kikomo cha thamani ya boti.

Bima kubwa huongeza boti yenyewe. Swali la kwanza hapo ni thamani. Kuna mkataba wa thamani mliyokubaliana na kuna wa bei ya soko. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya 1906 inasema thamani iliyokubaliwa kwenye mkataba ndiyo itakayoshika kama hakuna udanganyifu. Kwa boti kuukuu, ambayo bei ya soko hubishaniwa sana, chagua ya kukubaliana, na uambatishe ripoti ya mkaguzi na orodha ya ulivyoongeza: matanga mapya, injini, paneli za sola. Angalia pia kiasi utakachojilipia mwenyewe katika kila dai, na kama kinapanda kwa dhoruba au wizi.

Kisha angalia mipaka ya safari. “Bahari ya Mediterania” kwenye ukurasa wa kwanza inaweza kuwa imekatwakatwa ukurasa wa nne: hadi longitudo fulani mashariki, bila Libya, bila Syria. Ikiwa mpango wako wa forodha unategemea kutoka kwenda Albania au Uturuki, nchi hizo ziwe ndani ya mipaka. Watu huipanga safari ya kuondoa deni la VAT bila kukumbuka kwamba siku hiyohiyo wanatoka nje ya bima.

Kipupwe. Utaulizwa boti italala wapi kuanzia Novemba hadi Machi, majini au nchi kavu. Jibu kwa jina la yadi. Septemba 2020 kimbunga cha Mediterania kiitwacho Ianos kilipiga visiwa vya Ionia, Kefalonia, Ithaki na Zakynthos vikiumia zaidi, na boti zilipotea. Kampuni hutaka kujua kama boti imesimama kwenye fremu ya chuma na kufungwa ardhini kwa mikanda, au imeegemezwa kwa nguzo tu. Matanga ya mbele yashushwe na kuwekwa ndani. Mtu wa kuitazama mara kwa mara awepo, na akutumie picha zenye tarehe.

Umri wa boti huleta masharti yake. Boti za miaka 20 na zaidi huombwa ripoti ya ukaguzi, na wengi huitaka upya kila baada ya miaka kadhaa. Nyaya za mlingoti zikifika miaka 10 hivi, kampuni nyingi hutaka zikaguliwe au zibadilishwe. Mlingoti ukianguka nazo zimepita hapo, fidia inaweza kupunguzwa au kukataliwa. Mashine ya kidau ifungwe kwa kufuli maalumu na nambari yake uiandike mahali. Anayesafiri peke yake asome kifungu cha nahodha pekee, ambacho mara nyingi huweka kikomo cha saa kwa safari moja. Na usitegemee bima ilipe uchakavu, kutu, malengelenge ya fibaglasi au matengenezo uliyoyaahirisha. Sheria hiyohiyo ya 1906 inaiachilia kampuni ya bima isilipe hasara iliyotokana na ubovu ambao mwenye boti aliujua na bado akakipeleka chombo baharini. Ripoti ya mkaguzi iliyosema “badilisha vali mbili kabla ya kushusha majini” ni ushahidi kwamba ulijua. Zibadilishe, hifadhi risiti, watumie kampuni nakala.

Sasa fomu ya maombi. Kwa mteja wa kawaida Uingereza, sheria ya 2012 inakutaka uwe mwangalifu usitoe majibu yasiyo ya kweli. Ukidanganya makusudi, mkataba unaweza kufutwa na usipate kitu. Ukikosea kwa uzembe, kampuni inaweza kupunguza fidia kwa uwiano. Chukua mfano. Umejaza kwamba boti hulala nchi kavu Preveza, kumbe hubaki majini kisiwani. Ulilipa pauni 400 kwa mwaka, na kama wangejua ukweli wangekutoza 500. Dai lako ni pauni 20,000. Watakulipa robo tatu na ushei, yaani nne ya tano: 16,000. Pauni 4,000 zimekwenda kwa jibu moja la kisanduku. Vilevile anwani: ukiwaambia SSR unaishi Uingereza, forodha ukawaambia hivyohivyo, halafu ukaipa bima anwani ya Nairobi kwa kuwa ndiko unakotaka barua ziende, umejitengenezea kesi. Anwani ya makazi na ya barua ni vitu viwili, viandike tofauti.

Kabla ya kulipa, tafuta jina la kampuni inayobeba bima, si la dalali tu, kwenye daftari la FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha na bima Uingereza. Mkaazi wa nchi ya Umoja wa Ulaya atafute kampuni yenye kibali huko, kwa kuwa kibali cha Uingereza pekee hakimtoshi tena.

Siku ya ajali

Watu kwanza, chaneli 16 ya VHF ambayo ni ya dharura, halafu chombo. Hatua za busara unazochukua kupunguza hasara, kama kuleta pampu au kukodi boti ya kusaidia, kwa kawaida hurudishwa na bima, hivyo usiiache boti ijae maji ukisubiri jibu la barua pepe.

Anayekuja na kamba, kubalianeni bei na nani anaamrisha kabla hujaipokea. Kuvuta ni kazi yenye bei. Uokoaji ni jambo jingine: kwa Mkataba wa Uokoaji wa 1989 mwokoaji aliyefaulu hudai zawadi inayopimwa kwa thamani ya alichokiokoa na hatari iliyokuwapo. Sema kwa sauti, na mwenzako arekodi kwa simu: “Unanivuta hadi Lefkada, euro kadhaa, si uokoaji.” Akikataa na boti iko miambani, mkubali. Bima kubwa yenye kipengele cha uokoaji ipo kwa ajili hiyo.

Ukigonga mwamba au boti nyingine, askari wa bandari wanaweza kukuzuia kuondoka mpaka mtaalamu athibitishe boti inafaa kusafiri. Usigombane nao, mpigie dalali akutumie mkaguzi. Usisaini karatasi ya kukiri kosa wala karatasi ya Kigiriki usiyoielewa. Piga picha kabla ya kugusa chochote, andika saa, upepo, mahali kwa latitudo na longitudo, majina ya mashahidi. Fundi asianze kutengeneza kabla kampuni haijakubali, isipokuwa kazi ya kuzuia isizame.

Ukitamani kuileta Mombasa

Karibu kila mmoja hulifikiria, na kwenye ramani ni rahisi: Port Said, Suez, Bahari ya Shamu, Bab el Mandeb, kisha kusini hadi Kilindini. Tatizo ni bima. Bahari ya Shamu upande wa kusini na Ghuba ya Aden zimo kwenye orodha ya maeneo ya vita inayotunzwa na kamati ya soko la bima la London, na tangu mashambulizi ya Novemba 2023 kampuni nyingi za boti za starehe haziandiki kabisa njia hiyo. Ukipita, unapita bila bima ya boti, na pengine bila bima ndogo.

Njia ya salama zaidi kwa karatasi ni kuipandisha boti kwenye meli ya mizigo. Mkataba wako wa kawaida kwa kawaida haubebi safari hiyo mpaka uwaambie, kwa hiyo omba nyongeza ya maandishi inayotaja jina la meli, tarehe, na kinga inaanza na kuishia wapi: boti ikiwa bado majini chini ya kreni, au tu ikishafungwa sitahani? Uharibifu mwingi hutokea wakati wa kunyanyua na kushusha. Wasiliana na forodha ya Kenya kupitia wakala wa mizigo kabla boti haijaondoka, ili ushuru au kibali cha muda kijulikane mapema. Itakapofika, zunguka boti yote na kamera pamoja na mtu wa meli kabla ya kusaini hati ya kupokea, na kila mkwaruzo uandikwe kwenye hati hiyo, kwa sababu sahihi isiyo na maelezo huchukuliwa kwamba umeipokea nzima.